Nafasi ya Wembe: Protus Makokha Khaemba na Magitaa Yake Mawili

Wapendwa waombolezaji, wazazi wetu mnaotusikiliza kwa simu mkiwa Matili, majirani wa jengo hili, wenzake wa kazini mliosafiri kwa basi kutoka Riyadh, na wewe Jael, mke wa marehemu, uliyeketi hapo chini ya ukuta yalikotundikwa magitaa mawili, familia imemtuma Vincent, mtoto wa mama mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya ndugu yetu Protus Makokha Khaemba, hapa Jeddah, leo Ijumaa tarehe 24 Oktoba 2025, kabla hajasafirishwa kwenda kulala kwao. Familia inaomba radhi mapema kwamba katika maisha haya gitaa litatajwa mara nyingi kuliko binadamu, kwa sababu ndivyo marehemu mwenyewe alivyozungumza, na aliyemjua hawezi kumsimulia kwa namna nyingine.

Protus alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1984 katika kijiji cha Matili, Kimilili, Bungoma, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu mzee Sylvester Khaemba na mama Rosebellah Nasimiyu. Mama anasema alikuwa mtoto mkimya mno, mwenye tabia ya kuweka sikio kwenye vitu, mara kwenye pipa la maji, mara kwenye mlango, mara kwenye ubavu wa ng'ombe aliyelala, akasikiliza kwa muda mrefu huku macho yamefumba, hata mama akaingiwa na hofu kwamba mtoto hasikii vizuri, akamfunga mgongoni akampeleka zahanati. Muuguzi alimpima akamrudishia mama mtoto wake, akamwambia masikio ya huyu yanafanya kazi kupita kiasi.

Alisoma shule ya msingi pale pale Matili kuanzia mwaka 1991 hadi 1998, kisha akaingia sekondari Januari 1999 na kumaliza Novemba 2002, na huko ndiko alikokuta kwenye stoo ya shule gitaa bovu lililobakiwa na nyuzi nne. Zile mbili zilizokosekana akazipata kwa njia yake, maana alichomoa nyaya za breki za baiskeli ya naibu mwalimu mkuu, na jioni hiyo naibu mwalimu mkuu akateremka kilima cha shule bila breki mpaka kwenye shamba la mahindi la misheni. Protus alirudishwa nyumbani wiki mbili, mzee Sylvester akamwadhibu vilivyo, lakini siku ya kufunga shule gitaa lilipigwa, na naibu mwalimu mkuu alionekana akitikisa kichwa taratibu kufuata mdundo kwenye safu ya mbele. Kati ya mwaka 2004 na 2006 alisomea umeme na vifaa vya sauti katika chuo cha ufundi mjini Eldoret, akapata cheti chake, na cheti hicho ndicho kilichomlisha maisha yake yote.

Kwa miaka tisa alitengeneza redio mjini Bungoma, mpaka tarehe 7 Juni 2015 alipopanda ndege kwenda Riyadh kwa mkataba wa fundi wa viyoyozi. Kwanza alikaa kambi ya kampuni, baadaye akahamia Manfuha, kwenye nyumba ya zamani ya udongo na saruji, chumba kimoja watu watano, mmoja wao akiwa Onesmo kutoka Tanga, ambaye leo yupo hapa mlangoni. Onesmo anakumbuka namna Protus alivyokuwa akirudi kutoka juu ya mapaa ya watu, nyusi zimejaa vumbi, akanawa, akakaa juu ya godoro lake, akatazama ule mwanga wa Riyadh unaoingia dirishani ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, na vidole vyake vya mkono wa kushoto vikawa vinatembea vyenyewe juu ya goti, vikitafuta nyuzi ambazo hazikuwepo.

Mwezi Mei 2016 mwenzake wa kazini, Mfilipino aliyekuwa anarudi kwao moja kwa moja, alimwachia gitaa la umeme badala ya redio na birika. Lilikuwa gitaa la aina ya Torvane, jekundu la kufifia, na Protus alilipokea kwa mikono miwili, akalifungua skrubu zote siku hiyo hiyo, akazipanga juu ya shuka, akazirudisha, akazifungua tena, na wenzake wa chumbani wakajua kwamba wamepata mpangaji wa sita.

Yafaa ieleweke, kwa wale ambao hawakupata bahati ya kukalishwa chini na marehemu wakaelezwa, kwamba Torvane lilitengenezwa kwa matoleo matatu, miaka mbalimbali, na kwa mtu wa kawaida yote ni gitaa jekundu lenye nyuzi sita. Toleo la kwanza lilikuwa na shingo iliyoshikwa na skrubu nne, daraja la nyuzi lenye vipande vya shaba, na shingo nyembamba inayolala kiganjani bila kubishana. La pili walipunguza skrubu zikawa tatu, jambo ambalo Protus hakuwahi kuwasamehe. La tatu walirudisha skrubu ya nne, lakini vipande vya daraja wakavifanya vya bati hafifu la kupakwa rangi, shingo wakaiacha nene, na kazi ya kulainisha wakaipa mashine. Protus alikuwa na alama yake ya ziada aliyoigundua mwenyewe, nayo ilikuwa kwamba toleo la kwanza hukwaruza mkono, yaani vile vyuma vyembamba vilivyopandwa shingoni, ambavyo mafundi huviita freti, ncha zake hutokeza kidogo pembeni, kwa kuwa, alivyosema, zilisuguliwa na mkono wa mtu na mtu huchoka, ilhali mashine haichoki. Lake lilikuwa linakwaruza, kwa hiyo lake lilikuwa la kwanza, na hapo hakutaka mjadala.

Muziki ulipoanza kusikika wazi katika mji ule na maduka ya vyombo yakafunguliwa, mzee mmoja mwenye duka mtaani Malaz, ambaye wote walimwita Abu Turki, alimwita Protus kuja kutengeneza kiyoyozi, akamkuta amesimama mbele ya ukuta wa magitaa kiyoyozi hakijaguswa, ameweka sikio kwenye mti wa gitaa moja. Abu Turki alimuuliza kama anazijua kazi hizi, Protus akamwonyesha magitaa mawili yaliyotundikwa mahali pasipo pake na akamweleza sababu, na Abu Turki akasema, "Halas, kesho unakuja kwangu." Karatasi za kumhamisha kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, zilikamilika tarehe 3 Septemba 2019, na kuanzia hapo kila mteja aliyeingia Malaz akiuliza habari za Torvane alifundishwa somo la kukwaruzwa.

Sasa tunafika kwa Jael. Jael Adhiambo, binti wa Ahero, alikuwa Jeddah tangu mwaka 2017, akiishi na kufanya kazi katika nyumba ya madam mmoja, na chumba chake kilikuwa juu ya paa, kimepakana na stoo isiyo na kiyoyozi, ambako kijana wa nyumba aliyekwenda kusoma ng'ambo alikuwa ameacha mazagazaga yake. Mwezi Februari 2020 madam alimwambia asafishe stoo, na alipomwonyesha gitaa jekundu lililofungwa kwenye shuka, madam akapunga mkono, "Yalla Jael, chukua, mimi mafi haja." Jael hakujua kupiga gitaa, hajui mpaka leo, ila alilihurumia, akalipiga picha akaituma kwenye kundi la simu la Wakenya wa Saudia, akiuliza kama kuna mtu anayejua hiki ni kitu gani.

Aliyejibu wa kwanza alikuwa Protus, na jibu lake lilikuwa hivi, "Hiyo ni Torvane toleo ya tatu, dada, pole sana." Jael akamwandikia, "Pole ya nini, kwani nimefiwa?" Ndipo alipompigia simu amweleze, saa ile ya mchana madam anapolala, na maelezo hayo yalichukua mwaka mmoja na miezi kumi.

Walilinganisha magitaa mawili kwa simu, yeye Riyadh na moja mkononi, Jael Jeddah na jingine mapajani, Ijumaa baada ya Ijumaa, na karantini ilipokuja ikafunga miji yote, wakalinganisha karibu kila siku. Jael alizungusha uzi wa cherehani kwenye shingo ya gitaa lake, akaulaza kwenye rula, akamsomea, na kweli shingo yake ilikuwa nene kuliko ya Riyadh. Alisema daraja lake limeota rangi ya kijani na kijivu kama sufuria iliyosahauliwa na maji, na Protus akasema hilo ni bati, maana shaba ya kwake haijawahi kufanya hivyo. Alipitisha kiganja shingoni kutoka juu hadi chini, akasema haikwaruzi hata kidogo, laini kama ukingo wa meza, na Protus akashusha pumzi kule Riyadh kama daktari mwenye habari mbaya. Kila dalili ilikuwa ya toleo la tatu. Alilipa hilo gitaa la Jeddah jina, akaliita Kitinda, na akawa anamtania Jael kwamba mtu mzuri namna ile amebahatika kila kitu isipokuwa gitaa.

Wakati mwingine maswali yalikuwa yamekwisha, akauliza tu. Alimuuliza skrubu ya nne ina mfereji mmoja au msalaba, jambo alilokwisha kuambiwa mara tatu, na Jael, aliyejua vizuri kwamba anajua, alisema ngoja nikaangalie, akaliacha gitaa mapajani bila kuliangalia, akatazama kioo cha dirisha lake kikitoka jasho la bahari, simu iko sikioni, na upande wa pili akimsikia mtu anapumua katika hewa kavu, wala hana haraka. Kisha akarudi akasema msalaba. Protus alimwambia Vincent siku zile kwamba anaona kama anaishi nyumba yenye vyumba viwili, kimoja kikavu na kingine kimejaa mvuke, na katikati pana ukuta wa maili mia sita.

Walionana ana kwa ana kwa mara ya kwanza uwanja wa ndege wa Nairobi tarehe 2 Desemba 2021, ambapo Jael, kwa kauli yake mwenyewe, alikuta mtu mfupi kuliko sauti yake, akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 2021 katika parokia ya Kimilili, mama Rosebellah akampokea Jael kwa mikono miwili, na wazee wa pande zote mbili, waliokuwa wamejiandaa kwa maneno marefu juu ya Mbukusu kuoa Mjaluo, wakajikuta wanaelezwa habari za skrubu, wakachoka, wakabariki.

Januari 2022 kila mmoja alirudi mji wake, yeye dukani Malaz na Jael kwenye chumba cha juu ya paa, mume na mke wenye ikama mbili, yaani vibali viwili vya kuishi, na kafili wawili. Protus alikuja Jeddah kwa basi nyakati za Idi, wakakaa kwenye ukuta wa ufukweni wakila karanga, magoti yamegusana, halafu akarudi, na gitaa lake hakuwahi kulibeba kwa kuwa aliogopa joto la buti ya basi lingelipasua, wala la Jael halikutoka nyumbani kwa madam. Hayakuwa maisha mepesi, na familia haitajifanya hapa kwamba yalikuwa mepesi. Katika kipindi hicho Protus aliomba kitu kimoja tu, naye alikisema kwa kila aliyemsikiliza, kwamba yeye na mkewe, na magitaa yao, wakae katika hewa moja.

Mungu alisikia. Mwezi Septemba 2023 madam alikubali kumpa Jael tanazuli, yaani ruhusa ya kuhamia kwa mwajiri mwingine, akapata kazi ya kulea watoto wadogo katika shule moja hapa Jeddah, na mwezi Oktoba Abu Turki, kwa shingo upande, alimwachia Protus aje kuwa fundi wa sauti katika ukumbi wa sherehe. Wakapanga chumba hiki na jiko, na gitaa la Riyadh likasafiri kwenye kiti cha mbele cha gari la Onesmo, limefungwa mkanda, huku Onesmo akilipungia upepo.

Siku ya Ijumaa tarehe 17 Novemba 2023, mchana, Protus alitandika shuka sakafuni, akayalaza magitaa ubavu kwa ubavu, akayafungua ili amwonyeshe mkewe kwa macho tofauti ya toleo la kwanza na la tatu. Alianza na skrubu za shingo. Zile za Kitinda vichwa vyake vilikuwa vyekundu kwa kutu, zile zake zinang'aa, lakini zilipotoka kwenye mti, ile sehemu iliyokuwa imezama ndani ambako hewa haikufika, zote nane zilikuwa chuma kimoja, hesi moja, urefu mmoja. Akanyanyua bamba lililobanwa na skrubu hizo, akatazama shimo la kupachikia shingo, alama za patasi zilikuwa zile zile, na mti wa kiwiliwili umeungwa kwa vipande viwili mahali pale pale. Akakwangua daraja kwa ncha ya kisu, kijani kikatoka, chini yake ikatokea shaba.

Protus alikiweka kisu chini. Halafu alichukua magitaa yote mawili akayapitishia kiganja, lake likamkwaruza na la Jael halikumkwaruza, na hapo ndipo alipoelewa. Toleo la kwanza halikuwahi kukwaruza mtu. Kilichokwaruza ni Riyadh, maana katika hewa ile kavu mti wa shingo ulikuwa umenywea na kuviacha vile vyuma vimetokeza, na yeye fundi, kwa miaka saba, alikuwa amekishika kidonda cha gitaa lake akakiita cheti cha kuzaliwa. La Jael lilikuwa limevimba kidogo na kuota kutu kwa sababu ya chumvi na mvuke wa hapa, basi, hapakuwa na zaidi. Yalikuwa ndugu wa tumbo moja, na kila tofauti waliyoisomeana kwenye simu ilikuwa ni ya mahali yalipoishi, si ya namna yalivyoumbwa. Protus alicheka mpaka jirani akagonga ukuta, akamwambia mkewe, "Jael, kumbe ni mimi nilikuwa nimekauka." Kisha akampigia Abu Turki kumweleza kwamba somo la kukwaruzwa lilikuwa uongo mtupu, na Abu Turki akamjibu halas, wateja wameshazoea kukwaruzwa.

Siku hiyo hiyo alianza lile jambo ambalo ninyi nyote mliopita humu ndani mmeliona. Ukibonyeza uzi wa gitaa mwanzo wa shingo na mwisho wake, katikati hubaki nafasi ndogo chini ya uzi, na nafasi hiyo hukuambia shingo imepinda kiasi gani. Protus aliipima kwa nyembe za kunyolea kutoka bakala, kile kiduka cha hapo chini, akizipachika moja juu ya nyingine, na shingo ya Riyadh ilipokea wembe mmoja, ya Jeddah ilipokea nyembe tatu. Ndani ya kila shingo kuna chuma kirefu, na fundi akikizungusha kwa ufunguo mdogo shingo hunyooka au hupinda atakavyo, kazi ya dakika mbili, lakini Protus aliapa kwamba hatauzungusha. Yalitofautiana kwa kukaa mbali, akasema, basi yalingane kwa kukaa pamoja, na akasema wazi kwamba anataka aione siku hiyo kwa macho yake. Ufunguo akautundika kwenye msumari kando ya mlango.

Tarehe 6 Juni 2024 walijaliwa binti, akaitwa Rosebellah kwa bibi yake, na kuanzia alipojua kushika amekuwa akivuta nyuzi za gitaa la mama yake na kuliacha la baba, sababu anaijua mwenyewe. Baba alikuwa akimlaza kifuani, akampigia polepole bila kuwasha umeme, sauti ile ndogo kavu ya nyuzi tupu, na chumba hiki kikawa kinaelea, Jael anasema, kama watu wanaoota ndoto moja bila kulala.

Mapema mwaka 2025 miguu yake ilianza kuvimba, na tarehe 20 Januari madaktari wa hapa Jeddah wakamwambia figo zote mbili zimechoka, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Aliendelea na kazi ukumbini mpaka mwezi Mei, na alipozuiwa kunywa maji ila kwa kipimo cha kikombe, alililalamikia gitaa lake, akaliambia lenyewe linakunywa hewa ya Jeddah bure wakati mwenye nyumba ana kiu. Na kweli lilikuwa linakunywa, kwa maana mwezi Machi shingo ya Riyadh ilipokea nyembe mbili, na siku hiyo alitembea chumba kizima bila ile fimbo aliyoitegemea tangu miguu ivimbe. Lakini ya Jeddah, ijapokuwa imetoka kwenye kile chumba cha mvuke juu ya paa na kuletwa hapa penye kiyoyozi, ilikaidi, ikabaki kwenye nyembe tatu. Kila Ijumaa Jael alibonyeza uzi, Protus akapitisha wembe, na kila Ijumaa wa tatu ukaingia, akausema kwa Kibukusu, na kuahidi kuja tena.

Mwezi Agosti Onesmo alipokuja kumtazama, akamkuta amekonda, alishindwa kuvumilia, akamwambia, "Bwana Protus, ufunguo si huo hapo, kaka, kaza kidogo tu, uone unachotaka kukiona." Protus akamjibu, "Nikikaza, hiyo ni mimi nimefanya. Mimi nataka zifike zenyewe." Onesmo alitoka nje kwa muda, akarudi na matunda.

Alilazwa tarehe 26 Septemba 2025. Jael ameruhusu lisomwe na hili, kwamba asubuhi moja mwanzoni mwa Oktoba, daktari akiwa amekwisha kumwambia ukweli, alirudi hapa nyumbani, akapima peke yake, akibonyeza mwisho wa uzi kwa kiwiko, wembe wa tatu ukaingia bado, naye akautoa ufunguo msumarini, akaupachika kwenye shingo ya gitaa lake, akasimama nao. Kuuzungusha kidogo tu, halafu aende hospitali akamwambie mumewe kwamba yamelingana, na mumewe aondoke amefurahi; nani angemlaumu? Alisimama, analia, mkono uko kwenye ufunguo, mwishowe akauchomoa, akaurudisha mahali pake. Alipofika wodini Protus alifungua macho akauliza, "Zimefika?" Jael akasema bado. Protus akatabasamu, akamshika mkono, akasema, "Basi najua haukugusa," na hayo yalikuwa karibu maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, alfajiri, mkewe akiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na ameacha mama, mke, binti mmoja, ndugu wanne, na sisi wengine ambao tunaona bado ni mapema mno.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale wa chumba cha kusafishia damu waliovumilia kusikia habari za toleo la pili, inamshukuru Abu Turki aliyefunga duka leo na kusafiri mwenyewe, madam wa zamani wa Jael aliyeleta chakula kwa siku tatu, uongozi wa ukumbi, majirani wa jengo hili waliogonga ukuta na wasiogonga, Wakenya na Watanzania wa Jeddah na Riyadh mliohangaikia karatasi za safari, na Onesmo, ambaye ni ndugu.

Limebaki neno moja, nalo halikuwemo jana wakati historia hii ilipoandaliwa. Tangu siku ile ya ufunguo Jael hakuyagusa magitaa, akisema hana tena wa kumpitishia wembe. Leo asubuhi, kabla hamjafika, aliyashusha ukutani, akabonyeza uzi mwanzo na mwisho, akamwomba Vincent apime. Gitaa la Protus lilipokea nyembe mbili, wa tatu likaukataa. Gitaa la Jael lilipokea nyembe mbili, na wa tatu, uliokuwa ukiingia Ijumaa zote hizo, uligota kwenye uzi, ukajaribiwa tena, ukagota. Jael aliyaweka magitaa yote mapajani, akapitisha viganja viwili kwenye shingo mbili kwa pamoja, na hakuna iliyomkwaruza.

Pumzika kwa amani, Protus. Zimefika, na ufunguo haujazungushwa.